Chakula cha Japani, serikali yake na watalii wake: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ambayo watu huuliza wakiona mgahawa mwingine wa sushi umefunguliwa mjini kwao, au wakisikia kuna mtu amepanda ndege hadi Kyoto kwenda kunywa chai. Majibu mengine ni mafupi kwa sababu hayahitaji zaidi. Mengine yamerefuka kwa kuwa jambo lenyewe lina mikunjo.

Je, ni serikali ya Japani iliyoieneza sushi duniani?

Si mwanzoni. Serikali ilikuta ngoma imeshakolea, ndipo ikaingia uwanjani. Kazi ya kwanza ilifanywa na wafanyabiashara, wahamiaji na wapishi waliokuwa wakitafuta riziki. Kampuni ya Kikkoman ilifungua ofisi ya mauzo San Francisco mwaka 1957, ikapita madukani ikiwaonjesha Wamarekani nyama iliyopikwa kwa sosi ya soya, na mwaka 1973 ikafungua kiwanda huko Walworth, jimbo la Wisconsin. Tazama ujanja wao: hawakumwambia Mmarekani ale Kijapani, walimwambia aiongezee ladha nyama yake mwenyewe.

Mwaka 1958 Yoshiaki Shiraishi alifungua pembezoni mwa Osaka mgahawa wa kwanza wa sushi inayozunguka kwenye mkanda, wazo alilolitoa kwenye kiwanda cha bia. Sushi ikashuka bei, ikawa chakula cha familia. Mwaka huohuo Momofuku Ando akaingiza sokoni tambi kavu za kumwagia maji ya moto, ambazo leo hazikosekani katika duka lolote la mtaani, Dar es Salaam hadi Goma. Huko California na Vancouver wapishi wakauficha mwani ndani ya wali na kuweka parachichi, kwa sababu wateja wao hawakutaka kuuona mwani wala kusikia habari ya samaki mbichi. Hakuna wizara iliyowatuma.

Na samoni? Nimesikia hata hiyo si ya Wajapani.

Umesikia sawa, na kama serikali yoyote ina haki ya kujisifu kuhusu sushi, basi ni ya Norwei. Wajapani walikuwa wakila samoni tangu zamani, lakini ya kuokwa au kutiwa chumvi. Samoni wa bahari ya Pasifiki ana minyoo, hivyo kumla mbichi kulionekana ni kujitafutia maradhi. Katikati ya miaka ya 1980 Norwei ilikuwa na samoni wengi wa kufugwa na wanunuzi wachache. Waziri wake wa uvuvi, Thor Listau, akaongoza ujumbe hadi Tokyo mwaka 1985, na mradi wa miaka kadhaa ukaanza wa kuwashawishi Wajapani kwamba samoni wa kufugwa hana shida hiyo. Wapishi wa sushi waliupinga sana. Mlango ulifunguka pale kampuni ya Nichirei ilipokubali kununua tani 5,000 kwa bei nafuu, kwa sharti kwamba samaki huyo auzwe kwa ajili ya sushi. Leo watoto wa Kijapani wakiingia mgahawa wa mkanda, samoni ndiye anayeisha kwanza.

Basi serikali ya Japani iliingia lini?

Miaka ya mwanzo ya 2000. Waziri Mkuu Junichiro Koizumi alizindua kampeni ya kuvuta watalii mwaka 2003, wakati nchi hiyo ikipokea wageni kama milioni 5.2 tu kwa mwaka. Mwaka 2005 ikapitishwa sheria ya elimu ya chakula, iliyolenga zaidi Wajapani wenyewe. Mwaka 2006 Wizara ya Kilimo, Misitu na Uvuvi ilikadiria kuwa nje ya nchi kuna migahawa ya Kijapani kama 24,000.

Sababu haikuwa mapenzi ya utamaduni peke yake. Wajapani wanapungua na wanazeeka, na wanaobaki wanakula wali kidogo: mwaka 1962 kila mtu alikula wastani wa kilo 118 za mchele kwa mwaka, na sasa ni kama kilo 50. Mkulima ambaye soko la nyumbani linamkauka ni mpiga kura, na vyama vya siasa vya huko vinaijua vizuri kura ya kijijini. Ukiacha hotuba zote kuhusu urithi wa mababu, hapo ndipo penye kiini cha sera hii.

“Polisi wa sushi” walikuwa nani?

Hawakuwahi kuwapo, lakini walichekesha dunia nzima. Mwaka 2006 Waziri wa Kilimo, Toshikatsu Matsuoka, aliingia mgahawa uliojiita wa Kijapani huko Colorado, Marekani, akakuta sushi imepangwa kwenye menyu pamoja na nyama choma ya Kikorea. Alirudi nyumbani amekasirika na kupendekeza serikali itoe cheti kwa migahawa “halisi” ya nje. Magazeti ya Marekani yakauita mpango huo polisi wa sushi, na jina likaganda.

Waliomcheka walikuwa na haki. Chakula cha Japani chenyewe kimejaa vitu vya kuazima: tempura, yaani samaki na mboga za kukaangwa kwa unga, ina mkono wa Wareno, rameni ni tambi za Kichina zilizopata uraia, kari yao iliingia kupitia Waingereza. Nchi yenye jiko la namna hiyo inapata wapi ubavu wa kumkagua mpishi wa Denver? Mpango ukafa. Mahali pake mwaka 2007 ikaundwa taasisi isiyo ya kiserikali ya kuisaidia migahawa ya nje badala ya kuihukumu, ikitoa semina za usafi, mafunzo na mawasiliano na wauzaji wa viungo.

Lakini nimeona mpishi asiye Mjapani mwenye beji ya serikali ya Japani. Hiyo ni nini?

Ni mtoto mpole wa wazo lilelile. Tangu 2016 kuna miongozo ya kuwapa wapishi wa kigeni vyeti vya dhahabu, fedha na shaba. Dhahabu huhitaji uzoefu wa takriban miaka miwili ya kazi nchini Japani, fedha takriban mwaka mmoja, na shaba mafunzo mafupi. Tofauti na mpango wa Matsuoka, hapa anayetaka ndiye anayeomba; asiyetaka hasumbuliwi. Mwaka huohuo ukaanza mpango wa kuzitambua rasmi hoteli, migahawa na maduka ya nje yanayotumia viungo kutoka Japani. Ukikiangalia vizuri, cheti hiki cha pili hakiulizi kama chakula ni kitamu. Kinauliza kama sosi, mchele na sake (pombe ya mchele) vimetoka Japani.

Na kuna kisa kinachoonyesha serikali ilivyogeuka. Hidekazu Tojo, mpishi wa Vancouver ambaye ni mmoja wa wanaotajwa kuwa waanzilishi wa ile sushi ya parachichi, aliteuliwa na wizara hiyohiyo mwaka 2016 kuwa balozi mwema wa chakula cha Kijapani. Miaka kumi tu kabla yake, chakula chake kingeweza kuwa ushahidi wa upande wa mashtaka.

UNESCO iliorodhesha nini hasa mwaka 2013? Sushi?

Hapana. Kilichoingia kwenye orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika Desemba 2013 ni *washoku*, yaani desturi za ulaji za Wajapani, hasa zile za kuukaribisha mwaka mpya: keki za mchele uliotwangwa, vyakula vya kupangwa kwenye visanduku, supu ya mwaka mpya ambayo kila mkoa una yake. Maelezo yanataja viungo vibichi vya kila eneo, lishe yenye uwiano, kuheshimu majira na sherehe za mwaka. Hakuna sahani moja iliyotawazwa.

Hilo lilikuwa la makusudi. Mawazo ya awali yalikuwa kupeleka mlo wa kifahari wa Kyoto wenye sahani nyingi ndogondogo. Lakini mwaka 2011 Korea Kusini ilikuwa imepeleka chakula cha kasri la wafalme wake na haikufaulu, na waandaaji wa Japani wakasoma alama za nyakati: UNESCO inataka kitu ambacho jamii nzima inakiishi, si meza ya wachache. Ufaransa na Meksiko zilikuwa zimeshaingia mwaka 2010 kwa njia hiyo. Japani ikabadili maombi, ikapita. Korea nayo ikapita mwaka uleule wa 2013 kwa desturi ya kutengeneza kimchi kwa pamoja na kugawana.

Kinachosahaulika ni kwamba orodha hiyo ni ya kutambulisha na kulinda urithi ambao jamii bado inauishi, siyo ya matangazo ya biashara. Wajapani walioandika maombi walikuwa na hofu ya kweli kwamba vijana wao wanaachana na supu ya miso (soya iliyochachushwa) asubuhi na kula mkate. Wakala wa utalii waliikuta nembo hiyo mezani wakaifanya bango. Desemba 2024 utengenezaji wa sake kwa kuvu ya koji nao ukaingia kwenye orodha, na maduka ya pombe hayakuhitaji kuelekezwa la kufanya.

Mtalii anaeneza vipi chakula? Si anakula tu na kurudi kwao?

Anakula, anarudi, na anarudi na hamu. Hapa ndipo sera ilipofanya kazi kuliko mahali pengine popote, na ilifanya kazi kwa kuondoa vizuizi zaidi kuliko kwa kutoa matangazo.

Chukua Thailand. Julai 2013 Japani iliwaondolea Wathai viza ya matembezi. Mwaka 2012 walikuwa wamefika kama 260,000. Mwaka 2013 wakafika zaidi ya 450,000. Mwaka 2019 wakavuka milioni 1.3. Watu hao walikula rameni ya Fukuoka na kaa wa Hokkaido, wakapiga picha, wakarudi Bangkok wakiwa hawadanganyiki tena na rameni ya uongo. Mfanyabiashara wa Bangkok aliyeliona hilo hakuhitaji ruzuku kufungua mgahawa. Kufikia 2022 ofisi ya Shirika la Biashara ya Nje la Japani, JETRO, ilihesabu migahawa ya Kijapani 5,325 nchini humo. Kwa haki, Thailand ina pia viwanda vingi vya Kijapani na wafanyakazi wake wanaokula kila siku, kwa hiyo sifa zote haziendi kwa viza. Lakini migahawa ya miji midogo ya mikoani, ambako hakuna mhandisi wa Kijapani hata mmoja, inategemea ndimi za Wathai wenyewe.

Jambo la pili ni kodi. Tangu Oktoba 2014 mtalii ananunua vyakula, vinywaji, dawa na vipodozi bila kulipa kodi ya mlaji. Kabla ya hapo msamaha ulihusu bidhaa kama kamera na saa. Ghafla masanduku ya wasafiri yakajaa biskuti za chai ya kijani, miso na chokoleti za ladha zisizopatikana kwingine. Kila sanduku lilifunguliwa mbele ya ndugu na majirani, na hakuna tangazo la televisheni linaloshinda hilo.

La tatu ni sarafu. Yeni ilishuka mpaka kufikia 160 kwa dola katikati ya 2024, na bakuli la rameni Tokyo likawa rahisi kwa Mmarekani kuliko kahawa na kitafunwa kwao. Hii haikuwa sera ya utalii hata kidogo, ilitokana na tofauti ya viwango vya riba, ila iliusaidia utalii kuliko mabango yote ya serikali.

Matokeo yake ni wageni milioni 10.36 mwaka 2013, milioni 31.88 mwaka 2019, kisha mipaka ikafungwa kwa sababu ya Uviko, na baada ya kufunguliwa Oktoba 2022 wakafika milioni 36.87 mwaka 2024. Wakiulizwa na Wakala wa Utalii wa Japani walikuja wakitarajia nini zaidi, jibu linaloongoza ni kula chakula cha Kijapani. Mwaka 2024 walitumia takriban yeni trilioni 8.1, na zaidi kidogo ya moja ya tano yake ilikwenda kwenye kula na kunywa. Hiyo ni takriban yeni trilioni 1.7. Sasa linganisha: mwaka huohuo Japani iliuza nje mazao na vyakula vya thamani ya trilioni 1.5. Maana yake mgeni aliyekaa mezani Osaka ananunua kuliko meli zote zinazoondoka na makontena. Sijui kwa nini takwimu hizi mbili hazitajwi pamoja mara nyingi.

Je, wote hawaishii Tokyo, Kyoto na Osaka?

Wengi, ndiyo. Serikali imejaribu kuwasukuma mikoani kwa kutumia tumbo. Tangu 2016 wizara ya kilimo inayatambua maeneo ya vijijini yenye chakula chake chini ya nembo ya SAVOR JAPAN, ikihimiza wageni walale kwa wakulima. Tsuruoka, mji wa mkoa wa Yamagata wenye mboga za asili ambazo mbegu zake zimerithishwa shambani kwa vizazi, uliingia mwaka 2014 kwenye mtandao wa UNESCO wa miji ya ubunifu wa mapishi, wa kwanza nchini humo. Usuki, mkoa wa Oita, ukafuata 2021.

Sheria ya viashiria vya kijiografia, iliyoanza kutumika Juni 2015, nayo inasaidia mikoa. Katika kundi la kwanza la Desemba mwaka huo walisajiliwa ng'ombe wa Kobe, tikiti la Yubari na siki nyeusi ya Kagoshima inayochachushwa kwenye mitungi nje uani, miongoni mwa vingine. Jina la mahali likilindwa kisheria, msafiri ana sababu ya kwenda mahali penyewe.

Ile hesabu ya migahawa ya Kijapani 187,000 nje ya Japani ni ya kweli?

Ni ya Wizara ya Kilimo, ya mwaka 2023, nayo ilipanda kutoka 55,000 mwaka 2013 na 156,000 mwaka 2019. Ukuaji ni wa kweli. Ila isome kwa jicho pana: balozi za Japani ndizo zinazokusanya takwimu, na “wa Kijapani” ni mgahawa unaojitangaza au kutambulika hivyo. Mingi inamilikiwa na watu ambao si Wajapani. Zaidi ya nusu iko Asia, na China inaongoza. Afrika nzima haikufika elfu moja.

Yaani ule mgahawa wa Colorado uliomkasirisha waziri, leo upo ndani ya idadi inayotumika kujisifu.

Serikali imepoteza fedha kwenye mambo haya?

Imepoteza, na nyingi. Mfuko wa Cool Japan, ulioanzishwa Novemba 2013 kwa fedha za umma na za kampuni binafsi, ulitakiwa kuupeleka utamaduni wa Japani nje na kurudisha faida. Uliwekeza kwenye kampuni ya rameni ya Ippudo iliyotoka Fukuoka, jambo lililokuwa na mantiki, ingawa Ippudo ilikuwa imeshafika New York tangu 2008 kwa miguu yake. Uliwekeza pia kwenye duka kubwa la bidhaa za Kijapani Kuala Lumpur, lililofunguliwa 2016. Wateja hawakutosha na mfuko ukauza hisa zake mwaka 2018. Hasara za jumla za mfuko zilivuka yeni bilioni 30.

Ukiuliza maoni yangu, kasoro haikuwa rushwa wala uvivu. Afisa wa mfuko wa serikali anachagua kile anachodhani mgeni *anapaswa* kukipenda. Mtalii anachagua kile alichokipenda tayari, ambacho mara nyingi ni mkate wa mayai wa dukani saa sita usiku.

Upande wa mauzo ya nje serikali imefanya vizuri zaidi. Lengo la yeni trilioni moja lilifikiwa mwaka 2021, likafuata la trilioni 2 kwa 2025 na trilioni 5 kwa 2030. Wakosoaji wa ndani wanakumbusha kwamba humo mna wiski, sosi na vitafunwa vinavyotengenezwa kwa ngano, soya na sukari kutoka nje, na kwamba nchi inajitosheleza kwa chakula kwa asilimia 38 tu ukipima kwa kalori. Mkulima wa mpunga wa Niigata haoni sehemu kubwa ya hizo trilioni.

Fukushima haikuharibu kila kitu?

Ilikaribia. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia Machi 2011, nchi na maeneo 55 yaliweka vizuizi kwa vyakula vya Japani. Kuviondoa kimoja kimoja kulihitaji miaka ya vipimo, vyeti na mazungumzo, kazi ya kuchosha isiyo na picha nzuri, na pengine ndiyo kazi muhimu kuliko zote iliyofanywa na wanadiplomasia wake kwa ajili ya chakula. Marekani iliondoa vyake Septemba 2021, Uingereza Juni 2022, Umoja wa Ulaya Agosti 2023.

Mwezi huohuo wa Agosti 2023 Japani ikaanza kumwaga baharini maji yaliyosafishwa kutoka kwenye kinu hicho, na China ikasimamisha samaki wote wa Japani siku ileile, ingawa Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilikuwa limesema mpango huo unakubalika kwa viwango vya usalama vya kimataifa. Wavuvi wa Hokkaido walijikuta na shehena za kombe za *hotate* zisizo na mnunuzi. Waziri Mkuu Fumio Kishida akala samaki mbichi wa Fukushima mbele ya kamera, jeshi la Marekani lililoko Japani likaanza kununua kombe hizo kwa askari wake, na JETRO ikahaha kutafuta viwanda vya kuzimenya Vietnam na Meksiko, kazi iliyokuwa ikifanywa China. Soko moja kubwa likikununia, uenezi wa utamaduni haukuokoi kwa wiki moja.

Wajapani wenyewe wanafurahia haya yote?

Inategemea unamuuliza nani. Muulize mkulima wa chai. Tangu vuli ya 2024 maduka ya zamani ya Kyoto na Uji yamelazimika kuweka kikomo cha makopo ya matcha, chai ya kijani ya unga, kwa kila mnunuzi, kwa sababu wageni walikuwa wakikomba rafu. Mauzo ya nje ya chai ya kijani yalifika yeni bilioni 36.4 mwaka huo. Lakini majani ya matcha hukuzwa kivulini wiki kadhaa kabla ya kuvunwa, jiwe la kusagia hutoa gramu 30 hadi 40 tu kwa saa, na mche mpya huchukua kama miaka mitano kabla ya kuvunwa vizuri. Video moja ya kinywaji cha kijani haiwezi kuuharakisha mche.

Mchele ulileta mtikisiko mkubwa zaidi. Kuanzia majira ya joto ya 2024 ulipungua madukani, na kufikia masika ya 2025 mfuko wa kilo tano uliokuwa karibu yeni 2,000 ulivuka 4,000. Serikali ikafungua maghala ya akiba. Waziri wa Kilimo, Taku Eto, alijiuzulu Mei 2025 baada ya kusema kwamba hajawahi kununua mchele kwa kuwa wafuasi wake humpelekea. Watalii walitajwa kati ya sababu, ila mchango wao ulikuwa mdogo: joto kali lililoharibu mavuno ya 2023 na miongo ya sera ya kuwalipa wakulima wapunguze mpunga ndivyo vilivyobeba mzigo. Kumlaumu mgeni ni rahisi, hana kura.

Na kwenye soko la Nishiki, Kyoto, wenye maduka wanawaomba watu wasile huku wakitembea. Soko hilo lilikuwa jiko la mji. Siku hizi ni mishikaki ya kupigia picha.

Mimi ni Mwislamu. Chakula cha Kijapani kinanifaa?

Kwa tahadhari. Kisichoonekana ndicho cha kuulizia: *mirin*, pombe tamu ya mchele ya kupikia, na sake huingia kwenye michuzi mingi, siki ya wali wa sushi wakati mwingine huchanganywa na mirin, mchuzi wa rameni mara nyingi ni wa mifupa ya nguruwe, na sosi ya soya ya kawaida hupata alkoholi kidogo inapochachuka. Samaki, mwani, tofu na mboga viko vingi, na supu ya msingi hutokana na mwani na samaki mkavu aliyeparuzwa.

Hapa pia utalii ndio uliosukuma. Viza zilipolegezwa kwa Malaysia na Indonesia kuanzia 2013, hoteli na migahawa ikagundua kuwa ina wateja isiojua kuwalisha. Serikali ikatoa miongozo ya kuwapokea wageni Waislamu, vyumba vya kuswalia vikaongezeka kwenye viwanja vya ndege na maduka makubwa, na viwanda vikaanza kutengeneza sosi ya soya yenye cheti cha halali. Machinjio yaliyopata vyeti yanapeleka nyama ya *wagyu*, yaani ng'ombe wa Kijapani, hadi Dubai.

Afrika Mashariki inahusika popote?

Zaidi ya watu wanavyodhani, ila upande wa kuuza. Japani huagiza karibu ufuta wake wote kutoka nje, na Tanzania ni miongoni mwa wauzaji wake wakubwa. Ufuta wa Lindi na Mtwara unaishia kwenye mafuta yanayonukia juu ya tambi za Tokyo. Kahawa ya arabika ya Tanzania, isipokuwa ya Bukoba, inauzwa huko kwa jina la Kilimanjaro, jina ambalo mnywaji kahawa wa Kijapani analifahamu kuliko anavyoufahamu mlima. Mpunga wa Lower Moshi, Tanzania, na wa Mwea, Kenya, umepata utaalamu na fedha za Japani kwa miaka mingi, na tangu 2008 kuna mpango wa pamoja na nchi za Afrika wa kuongeza mara dufu uzalishaji wa mchele. Hata huko Mauritania, Afrika Magharibi, mtaalamu wa Kijapani aliwafundisha wavuvi miaka ya 1970 kutega pweza kwa vyungu. Leo pweza wa pwani hiyo ndiye anayejaza madonge ya *takoyaki* ya Osaka.

Kwa hiyo mzigo wa kwenda upo tangu zamani. Migahawa ya kurudi ndiyo michache, mingi ikiwa Nairobi, kwa sababu iliyo wazi: nauli ni ghali, viza bado inahitajika, na ule mzunguko wa Wathai haujaanza kwetu.

Mpishi wa huku anaweza kwenda kufanya kazi au kujifunza huko?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kusoma: tangu 2014 mgeni aliyehitimu shule ya upishi nchini Japani anaweza kuruhusiwa kubaki na kufanya kazi kwenye mgahawa ulioidhinishwa ili akamilishe mafunzo yake. Kabla ya hapo alitakiwa kuondoka akipata cheti, jambo lililowashangaza hata wenye shule. Ada ni kubwa, na masomo ni kwa Kijapani.

Ya pili ni viza ya wafanyakazi wenye ujuzi maalumu, iliyoanza Aprili 2019, ambayo huduma za migahawa ni mojawapo ya sekta zake. Lazima uwe na miaka 18 au zaidi, ufaulu mtihani wa ujuzi wa sekta na mtihani wa lugha ya Kijapani wa kiwango cha N4 (cha pili kutoka chini) au unaolingana nao, kisha upate mwajiri. Daraja la kwanza ni hadi miaka mitano bila kuandamana na familia. Daraja la pili, lililofunguliwa kwa migahawa mwaka 2023, linaruhusu mke au mume na watoto. Mitihani ya ujuzi haifanyiki kila nchi, kwa hiyo angalia kwanza ratiba kwenye tovuti rasmi kabla ya kumlipa mtu yeyote anayedai kuwa wakala. Anza na herufi za hiragana.